Bibi Amandina Lihamba na Kinywa Kilichofumbwa

Jioni moja tulikuwa tumekaa nje ya duka dogo huko Kasokola, kata iliyo jirani na mji wa Mpanda katika Mkoa wa Katavi. Hatua chache kutoka hapo kilikuwapo kibanda cha kuonyeshea sinema, kile ambacho vijana hukiita kibanda umiza, na sauti ya mfasiri ilitufikia kwa nguvu kupita sauti za wachezaji wenyewe. Sinema ilikuwa ya Kichina, watu wakipigana juu ya mapaa ya nyumba, na yule mfasiri aliwapa majina ya kwetu na kuwatia maneno ya kwetu vinywani, watoto wakacheka hata mbavu zikawauma. Bibi mmoja mzee aliyekuja kununua chumvi alisimama akasikiliza, kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, hivi katika hizi sinema hakuna hata mama mmoja wa kwetu?"

Nikamjibu, "Yuko, bibi." Naye akaitua chumvi yake, akavuta kigoda, akakaa. Basi ikanipasa kumweleza. Na kwa kuwa katika kusimulia niliona kwamba hata vijana waliosoma, waliokuwa wamesimama karibu nasi, hawakupata kulisikia jina hilo, nimeona si vibaya kuyaandika hapa niliyoyasema jioni ile, pamoja na mengine ambayo sikuwahi kuyasema kwa sababu usiku uliingia.

Mama huyo ni Bibi Amandina Lihamba. Alizaliwa mkoani Morogoro mwaka 1944, wakati nchi hii ikitawaliwa na Waingereza na vita kuu ya pili haijakwisha. Ni mwigizaji wa jukwaani na wa sinema, mtungaji wa michezo, mwongozaji wa michezo ya wengine, na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyefikia cheo cha profesa na kuiongoza idara ya sanaa za maonyesho. Mtu akitaka kumweka katika fungu moja atapata taabu. Huko Marekani na Uingereza mchezo wenye nyimbo na ngoma una jina lake na majumba yake, na mchezo wa maneno matupu una majumba mengine. Mwigizaji wa huku aghalabu si wa kule. Kwetu ukuta huo haukujengwa. Hadithi ya bibi jikoni ina wimbo katikati, na wanaosikiliza huuitikia. Ngoma ya jando ina mafunzo, mizaha, na watu wanaojifanya wanyama. Mwigizaji wa Kitanzania asiyejua kuimba wala kucheza ngoma ni kama fundi seremala aliyekuja kazini bila randa.

Lakini hilo lilihitaji kupiganiwa. Wakati wa ukoloni neno mchezo wa kuigiza, kwa watu waliosoma, lilikuwa na maana ya michezo ya Kiingereza iliyochezwa shuleni, wanafunzi wakikariri maneno ya Shakespeare na kuvaa mashuka kama Warumi. Ngoma ilikuwa ya watu wasiosoma. Tulipopata Jamhuri, Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, na katika hotuba yake alisikitika kwamba kijana wa Kiafrika alikuwa hodari wa dansi za kizungu huku ngoma za babu zake hazijui. Mwaka uliofuata likaundwa kundi la ngoma la taifa. Chuo Kikuu nacho kilianza kufundisha sanaa za maonyesho katika miaka ile ile ya Azimio la Arusha, na ndipo kikatokea kizazi cha watu kama Ebrahim Hussein, ambaye mwaka 1969 alitupa Kinjeketile, na Penina Muhando, ambaye Hatia yake ilitoka mwaka 1972. Bibi Lihamba ni wa kizazi hicho, na jina lake na la Bibi Muhando, ambaye baadaye tulimjua kama Profesa Penina Mlama, yamekwenda pamoja kwa miaka mingi kama sahani na kawa.

Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka miaka iliyofuata Azimio. Kila shule ilikuwa na ngonjera, kila tawi na kwaya yake, na mashirika ya umma yakawa na vikundi vyake vya ngoma, maigizo na muziki. Wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Urafiki walikuwa na bendi iliyovuma nchi nzima. Mfanyakazi alishinda kwenye mashine mchana, na usiku akavaa njuga. Kulikuwa na uzuri mwingi katika jambo hilo, kwani sanaa ilitoka mikononi mwa wachache. Kulikuwa na kasoro pia, na afadhali tuiseme: michezo mingi ilikuwa ya kupongeza tu. Kiongozi alikaa mbele, akaimbiwa sifa, akapiga makofi, akapanda gari. Mtungaji aliyetaka kuuliza swali ilimpasa kutafuta njia.

Bibi Lihamba aliitafuta. Mwaka 1980 kilitoka kitabu chake cha mchezo kiitwacho Hawala ya Fedha, alichokijenga juu ya hadithi ya mwandishi wa Senegal, Sembène Ousmane. Ni hadithi ya mzee wa mjini Dakar asiye na kazi, ambaye mpwa wake aliyeko Paris amempelekea hawala. Fedha ipo posta, jina ni lake, lakini hana kitambulisho. Ili apate kitambulisho anatakiwa cheti cha kuzaliwa. Tena anatakiwa picha na stempu. Na katika kila dirisha yuko karani asiyeinua macho. Mwisho wa safari fedha imeliwa na wajanja naye amebaki na madeni. Nani kati yetu hajapata kusimama mbele ya dirisha la namna hiyo? Mwandishi wa makala haya aliwahi kuzungushwa siku nne katika ofisi moja kwa ajili ya muhuri mmoja, na siku ya nne akaambiwa kwamba mwenye muhuri amekwenda msibani. Mchezo ulitoka Dakar, lakini waliouona Dar es Salaam hawakuhitaji kuambiwa unawahusu.

Kisha kikatoka Harakati za Ukombozi, mwaka 1982, kitabu alichokiandika pamoja na Bibi Muhando na Bibi Ndyanao Balisidya. Wanawake watatu, mchezo mmoja. Humo historia ya nchi inapita mbele ya macho kwa nyimbo, kwa ngoma, kwa ngonjera na kwa maigizo mafupi mafupi, tangu mapambano na wageni hadi uhuru na Azimio. Ningependa msomaji aone ushujaa wake. Hawakuishia kwenye bendera kupanda mlingoti; waliendelea mbele, wakauliza ukombozi umefika wapi, na nani ameukalia. Tena waliuliza kwa wimbo, na wimbo ni mgumu kuufungia mlango.

Kwa miaka hiyo Bibi Lihamba aliigiza, aliongoza, alifundisha. Alishiriki katika kikundi cha Paukwa, kilichochukua jina lake kutoka kwenye ule mwito wa wasimuliaji ambao kila mtoto huuitikia kabla hadithi haijaanza. Mwaka 1985 alimaliza shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, na utafiti wake ulihusu siasa na michezo ya kuigiza hapa nchini tangu Azimio la Arusha hadi mwaka 1984. Mtu aliyecheza jukwaani aliamua kuandika pia jinsi jukwaa lenyewe lilivyotumiwa, na lilivyotumika vibaya.

Mwaka huo huo wa 1985 ilitoka sinema ya Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill wa Marekani, ambamo Bibi Lihamba alikuwa mmoja wa waigizaji. Ni sinema fupi, haifiki hata saa nzima. Mariamu ni mgonjwa, hospitali imeshindwa, mumewe anataka ampeleke kwa mganga wa jadi, naye Mariamu anawaogopa waganga kwa jambo lililompata zamani. Hakuna kupigana juu ya mapaa. Kuna mwanamke anayeogopa, na miti shamba, na mkono wa mganga ambao haukuchorwa kama wa shetani, jambo ambalo lilikuwa geni katika sinema za wakati ule kuhusu Afrika.

Yapasa kukumbuka hali ya sinema katika nchi yetu. Waingereza walijaribu kutengeneza picha za kufundisha wenyeji huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kuanzia mwaka 1935 hadi 1937; picha za jinsi ya kulima na jinsi ya kujitunza, na mwenyeji ndani yake alikuwa ama mjinga ama mwerevu aliyemsikiliza mzungu. Baada ya uhuru serikali iliunda shirika lake la filamu, na magari ya sinema yakawa yanazunguka vijijini na kutandika shuka jeupe kati ya miti miwili. Lakini sinema ndefu za hadithi, zilizochezwa na watu wetu kwa lugha yetu, zilihesabika kwa vidole. Televisheni yenyewe haikuwapo Tanzania Bara mpaka mwaka 1994. Mwigizaji wa Bombay au wa Hollywood angeweza kucheza sinema kumi kwa miaka mitano. Mwigizaji wa Dar es Salaam alingoja miaka kumi apate moja. Kwa hiyo mtu asishangae kwamba orodha ya sinema za Bibi Lihamba ni fupi. Ashangae jinsi alivyoitumia nafasi ilipokuja.

Nafasi hiyo ilikuwa Maangamizi. Sinema hii iliongozwa na Martin Mhando, Mtanzania, pamoja na yule yule Ron Mulvihill, na hadithi yake iliandikwa na Queenae Taylor Mulvihill. Mwaka 2001 Tanzania iliipeleka Marekani kushindania tuzo ya Oscar kwa sinema za lugha za kigeni, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza nchi yetu kupeleka sinema yoyote huko. Haikuingia katika zile zilizoteuliwa. Zaidi ya miaka 20 ilipita kabla nchi haijapeleka nyingine, nayo ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi.

Nilipofika hapa katika kusimulia, bibi wa Kasokola alinikatiza. "Na huyo mama yetu, humo alikuwa nani?"

Alikuwa mwanamke aitwaye Samehe. Yumo katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na kwa miaka 20 hajasema neno. Daktari anakuja kutoka Marekani, mwanamke mweusi aitwaye Asira, aliyechezwa na Barbara-O, mwigizaji ambaye wapenda sinema wa Marekani walikwisha kumwona katika Daughters of the Dust ya mwaka 1991. Asira amekuja na elimu yake, lakini naye amebeba kumbukumbu zake za utotoni alizozifunika. Samehe yu kimya kwa sababu ya mambo mazito aliyoyaona alipokuwa mtoto. Na kati ya wanawake hawa wawili anakuja wa tatu, bibi wa kale, mzimu ambaye ndiye Maangamizi mwenyewe, aliyechezwa na Mwanajuma Ali Hassan. Anamtokea huyu na anamtokea yule, mpaka kila mmoja aone kwamba jeraha la mwenzake ni ndugu wa jeraha lake.

Ewe msomaji uliyepata kusimama jukwaani, hata katika sherehe ya shule, fikiri kazi ya kucheza mtu asiyesema. Mwigizaji ana silaha nyingi na ya kwanza ni sauti. Bibi Lihamba alikuwa na sauti iliyofunzwa kwa miaka 30, katika nyimbo, katika vitendawili, katika kumbi za chuo na viwanja vya vijiji. Hapa akaambiwa aiweke chini. Amebaki na macho, na shingo, na jinsi ya kukaa kitandani. Hulii, hupigi kelele, huwezi kumwambia mtazamaji umefanywa nini. Na jina ulilopewa ni amri: Samehe. Anaambiwa asamehe kila anapoitwa, na hakuna aliyepata kumwuliza asamehe nini. Sina hakika kama mtungaji alilikusudia jambo hilo kwa namna ninavyolisoma mimi, lakini Mswahili hawezi kulisikia jina lile bila kulisikia hivyo.

Jambo linalonishangaza, na ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya nishike kalamu, ni kwamba miaka ile ile ambapo sinema ilimwonyesha amefumba kinywa, nje ya sinema Bibi Lihamba alikuwa na kazi iliyoitwa Tuseme.

Ili kuieleza Tuseme hapana budi nirudi nyuma kidogo, hadi Malya, huko Usukumani. Mwaka 1982 na 1983 Bibi Mlama, Bibi Lihamba na mwenzao Eberhard Chambulikazi walikwenda kukaa na wanakijiji wa Malya. Hawakwenda na mchezo mfukoni. Waliuliza: taabu yenu ni nini? Wanakijiji wakazungumza, na moja ya taabu iliyojitokeza ilikuwa mimba za wasichana. Halafu wakaulizwa: ninyi mambo yenu mnayasemaje? Wakajibu kwamba wao wana wigashe, ngoma ya Wasukuma ambayo watu huicheza wakiwa wamekaa. Basi mchezo ukafanywa kwa wigashe. Wacheza ni wenyeji, maneno ni ya wenyeji, na baada ya mchezo watu hawakutawanyika, bali walianza kubishana. Kazi kama hiyo ilifanywa pia Bagamoyo, Msoga na Mkambarani, na Bibi Mlama ameieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1991.

Niliposema wigashe, vijana wawili waliokuwa wameegemea baiskeli waligeuka. Wazazi wao ni Wasukuma, katika wale waliohamia Katavi na ng'ombe wao, kama wengi walivyofanya kwa miongo kadhaa iliyopita. Mmoja akasema babu yake aliicheza. Mwingine akasema, si babu tu.

Kutoka katika kazi hizo za vijijini ikazaliwa Tuseme mwaka 1996, katika idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya Bibi Mlama na Bibi Lihamba. Hii ililengwa kwa wasichana wa shule za sekondari. Utaratibu wake mtu yeyote aweza kuuelewa. Wasichana wanakaa wao kwa wao na kuyataja yale yanayowazuia kusoma: mwendo mrefu wa kwenda shule, kazi za nyumbani zinazowangojea wao na hazimngojei kaka, mwalimu mwenye tabia mbaya, mzee mwenye pikipiki anayengoja njiani na chipsi mkononi. Wanayachambua. Wanayafanya mchezo, kwa wimbo na ngoma na mizaha. Kisha mchezo unachezwa mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wavulana, na baada ya mchezo panakuwa na mazungumzo ambayo mkubwa hawezi kuyakimbia, kwa kuwa kila mtu amekwisha kuona.

Kwa nini mchezo, watu huuliza. Kwa nini wasichana wasiandike barua kwa mwalimu mkuu? Anayeuliza hivyo hajapata kuwa msichana wa miaka 15. Akisimama peke yake na kusema "mwalimu fulani ananisumbua," ataulizwa alivaa nini. Lakini akiwa amevaa koti la baba na amechora ndevu kwa mkaa, akimwiga yule mwalimu anavyotembea, ukumbi mzima utacheka, na kicheko hicho ni ushahidi: watu wote wamemtambua. Hakutaja jina. Hakumvunjia mtu heshima. Ngoma zetu zimejua hila hii tangu zamani, kwani wimbo wa kusuta uliruhusiwa kusema mbele ya mtemi jambo ambalo mdomo mtupu usingethubutu. Walichofanya akina Lihamba ni kuitoa hila hiyo uwanjani na kuipeleka darasani, kwa wale walioihitaji zaidi.

Tuseme ilikua. Shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika liitwalo FAWE, lenye makao yake Nairobi na ambalo Bibi Mlama aliliongoza kwa miaka kadhaa, liliichukua na kuipeleka katika nchi nyingine za bara hili. Neno la Kiswahili likaenda kwa watoto wasiojua Kiswahili. Bibi Lihamba na mwenzake pia walianzisha tamasha la sanaa za maonyesho kwa watoto, na yeye mwenyewe aliendelea kutunga. Mkutano wa Pili wa Ndege ulitoka mwaka 1992. Mwaka 2007 alikuwa mmoja wa wahariri wa kitabu kikubwa kinachokusanya maneno na maandishi ya wanawake wa Afrika ya Mashariki.

Sasa nieleze kwa nini mambo haya niliyasimulia Kasokola na si penginepo. Katika utafiti wa taifa wa afya na uzazi wa mwaka 2015 na 2016, kati ya kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 katika Mkoa wa Katavi, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Hesabu ya taifa zima ilikuwa 27. Katavi ilikuwa ya kwanza nchini. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha hesabu ya taifa imeshuka hadi 22, na ule ubingwa usiotakiwa umehamia Songwe. Lakini wasichana waliohesabiwa Katavi mara ya kwanza sasa ni akina mama wa watoto wanaokwenda shule, na hakuna utafiti unaowarudishia madaftari yao.

Sheria nazo zimekuwa zikivutana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 mzazi akikubali. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Mwaka huo wa 2016 sheria ya elimu ilirekebishwa, na anayempa mwanafunzi mimba akawekewa kifungo cha miaka 30. Kwa upande mwingine, kwa muda mrefu msichana mwenye mimba alifukuzwa shule; mwaka 2017 jambo hilo likatiliwa mkazo tena, na ni Novemba 2021 tu serikali ilipotangaza kwamba aliyejifungua aweza kurudi. Haya yote yameandikwa kwa wino mzuri. Lakini kesi ya kifungo cha miaka 30 huhitaji shahidi, na shahidi ni yule yule msichana, na nyumbani wamekwisha kumwambia anyamaze kwa kuwa mahari imekwisha kujadiliwa.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba mchezo wa kuigiza unaweza kujenga bweni au kufupisha njia ya kilomita kumi. Nimewaona wazee wakipiga makofi kwa nguvu katika mchezo unaowasema, kisha wakarudi nyumbani wakafanya yale yale. Tena kazi za namna hii zina ugonjwa wake: wataalamu huja na gari, hukaa majuma mawili, huandika ripoti, na vumbi la gari likitua hapabaki mtu wa kuendeleza. Mipango mingi iliyoiga kazi za akina Lihamba imekufa kwa ugonjwa huo. Na waigizaji wetu wenyewe, hawa wanaotakiwa kila penye kampeni ya afya au ya kura, ni wafanyakazi ambao ujira wao hukumbukwa mwisho, baada ya mahema na maji ya chupa. Mfanyakazi wa reli ana saa zake na malipo yake. Mcheza ngoma huambiwa kwamba anaipenda kazi yake, na upendo huo huhesabiwa kuwa sehemu ya mshahara.

Hata hivyo, reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, iliyofika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, ilihitaji chuma na mamilioni, na mgodi ulipofungwa treni ilibaki. Mchezo wa wasichana wa shule hauhitaji chuma. Unahitaji kiwanja kilichofagiliwa, ngoma moja au debe, koti la baba, mkaa wa kuchorea ndevu, na mwalimu mmoja asiyeogopa. Kasokola mkaa haujapata kukosekana.

Kibanda umiza kilikuwa kimekwisha kufungwa nilipofika mwisho wa kisa cha Samehe. Wale vijana wa baiskeli waliuliza kama sinema hiyo inapatikana mjini Mpanda, nikawaambia mimi sijapata kuiona ikitangazwa katika kibanda chochote cha huku, na kwamba mfasiri asingekuwa na kazi kubwa, kwa kuwa mchezaji mkuu hasemi. Walicheka. Bibi hakucheka. Alikuwa ameshika chumvi yake mapajani.

"Miaka ishirini," alisema.

"Ishirini, bibi."

"Halafu akasema?"

Nikamwambia kwamba ndiyo, kidogo kidogo, kwa yule daktari aliyetoka ng'ambo.

Akainuka, akajifunga khanga yake, akatazama upande wa shule ambako giza lilikuwa limekwisha kuingia. "Mjukuu wangu," akaniuliza, "hapo hospitali hapakuwa na mtu wa hapa hapa wa kumsikiliza?"